Mazoezi kwa Dozi: Jinsi ya Kumwandikia Mazoezi Mgonjwa Anayetibiwa Saratani ya Matiti

Mgonjwa anayeanza tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, huondoka kliniki na karatasi yenye maelezo ya kina. Dawa hii miligramu kadhaa, ile ya kuzuia kutapika asubuhi na jioni kwa siku tatu, nyingine isinywewe kabla ya kula. Kisha, akiwa ameshasimama aondoke, huambiwa: "Na ujitahidi kufanya mazoezi mepesi." Basi. Mepesi kiasi gani, mara ngapi kwa wiki, yaanze lini, mkono wa upande uliopasuliwa uhusishwe au uachwe, siku mwili unapogoma afanyeje, hayo hayasemwi. Akifika nyumbani anakuta ndugu wanaompenda na wanaomkataza hata kuinama. Mwishowe ama hafanyi chochote, ama anafanya kupita kiasi siku aliyoamka vizuri, halafu analala siku mbili zinazofuata na kuapa kutorudia.

Ushauri ule ulikuwa wa kweli, lakini hauwezi kutumika. Mazoezi wakati wa matibabu ya saratani ya matiti leo yana ushahidi wa kutosha kuandikwa kama dawa inavyoandikwa: aina gani, kwa ukali gani, kwa muda gani, mara ngapi, na masharti ya kupunguza au kusimamisha. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu na ndiyo inayoachwa mara nyingi. Mwili wa mtu anayetibiwa hubadilika wiki kwa wiki, wakati mwingine siku kwa siku, kwa hiyo dozi isiyojua kushuka haitafika mbali.

Hadi miaka ya 1980 agizo la kawaida lilikuwa kupumzika. Lilionekana ni la huruma: mtu ana saratani, anatiliwa dawa zinazomlegeza, unamwongezea jasho la nini? Wauguzi watafiti wa Marekani, Mary MacVicar na Maryl Winningham, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuliweka agizo hilo kwenye mizani. Waliwapandisha wanawake waliokuwa katikati ya tibakemikali kwenye baiskeli ya mazoezi mara tatu kwa wiki, kwa wiki 10. Matokeo waliyochapisha mwaka 1989 yalionyesha kwamba uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulipanda, katika kipindi ambacho kila mtu alitarajia uporomoke. Mwaka 2010 jopo la wataalamu lililoitwa na chuo cha tiba ya michezo cha Marekani, ACSM, lilitoa agizo la msingi: mgonjwa wa saratani aepuke kukaa bila kujishughulisha. Mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Australia walitaka mazoezi yawe sehemu ya huduma ya kawaida kwa kila mgonjwa, na mwaka 2022 ASCO, chama kikubwa cha madaktari wa saratani cha Marekani, kikawaambia wanachama wake wapendekeze mazoezi ya pumzi, yale yanayoharakisha moyo, na ya nguvu kwa wagonjwa walio katikati ya matibabu yanayolenga kuponya. Kwa hiyo swali la kama mgonjwa afanye mazoezi limeshajibiwa. Lililobaki ni la namna.

Kabla ya namna, tuwe wakweli kuhusu kile mazoezi yanachofanya na kile yasichofanya.

Kinachothibitika zaidi ni uchovu. Uchovu wa saratani si ule wa mtu aliyeshinda kazini. Haumalizwi na usingizi. Unaanza na ugonjwa na dawa, kisha unajilisha wenyewe: mtu anachoka, analala, misuli inapungua, moyo unazoea kazi ndogo, na kesho kupanda ngazi zilezile kunahitaji nguvu zaidi kuliko jana. Dawa za steroidi kama deksamethasoni, zinazotolewa kuzuia kutapika na mzio, nazo hudhoofisha misuli. Mazoezi huukata mduara huo pale mgonjwa anapoweza kuufikia. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya majaribio 113 ulikuta mazoezi na tiba za kisaikolojia vikipunguza uchovu wa saratani kuliko dawa zilizojaribiwa kwa ajili hiyo. Wasiwasi na huzuni nzito hupungua pia, na mtu hubaki na uwezo wa kujihudumia.

Lakini mazoezi hayachukui nafasi ya upasuaji, tibakemikali, mionzi wala vidonge vya homoni, na yeyote anayesema vinginevyo anahatarisha maisha ya watu. Kuhusu kurefusha maisha, picha inahitaji uangalifu. Utafiti uliofuatilia wauguzi 2,987 wa Marekani waliopata saratani ya matiti, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta waliotembea sawa na saa 3 hadi 5 kwa wiki wakifa kwa ugonjwa huo kwa nadra zaidi kuliko waliokaa. Huo ni uchunguzi, haukuwa jaribio. Inawezekana sehemu ya waliotembea walitembea kwa sababu walikuwa na afya nzuri zaidi tangu mwanzo. Mwaka 2025 jaribio lenyewe hatimaye lilipatikana, na lilionyesha kwamba mpango wa mazoezi unaosimamiwa baada ya tibakemikali hupunguza kurudi kwa saratani. Ila wagonjwa wake walikuwa wa saratani ya utumbo mpana. Inatia moyo, na ninatumaini ya matiti yatafuata, lakini matokeo ya utumbo hayawezi kunakiliwa kwenye karatasi ya mgonjwa wa titi kama ahadi.

Sasa dozi. Jopo la ACSM lilipokutana tena na kuchapisha mapendekezo yake mwaka 2019, lilipata kiwango ambacho faida zake zinaonekana katika uchovu, wasiwasi, huzuni na utendaji wa mwili: mazoezi ya pumzi ya ukali wa wastani kwa dakika 30, mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12 au zaidi. Mazoezi ya pumzi ni yale yanayoharakisha moyo kwa muda mfululizo, kama kutembea kwa haraka au kuendesha baiskeli. Ya nguvu ni kushindana na uzito: vyuma vidogo, mpira wa kuvuta, au mwili wako mwenyewe unapoinuka kutoka kwenye kiti bila kushika popote. Hufanywa kwa mizunguko 2 ya marudio 8 hadi 15, kwa kila kundi kubwa la misuli.

Tazama kwamba dozi hiyo si ya kutisha. Ni saa moja na nusu ya kutembea kwa wiki nzima, na vipindi viwili vifupi vya kunyanyua. Watu wengi wanaijua ile namba ya dakika 150 kwa wiki inayopendekezwa kwa watu wazima wote, na wanapoona hawaifikii wanaacha kabisa. Mgonjwa aambiwe wazi kwamba nusu yake inasaidia, na kwamba aliyekuwa hafanyi kitu akianza na dakika 10 kwa siku ameshaanza tiba.

Ukali ndio unaosumbua kuuandika. Kwa mtu mzima wa afya unaweza kutumia mapigo ya moyo. Kwa mgonjwa huyu mapigo hudanganya: upungufu wa damu, homa, kukosa maji mwilini na dawa zenyewe huyapandisha hata akiwa amekaa, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huyazuia yasipande. Kipimo bora ni anavyojisikia mwenyewe. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg, aliunda ngazi inayoanzia 6, ambapo hakuna juhudi yoyote, hadi 20, ambapo mtu amefika mwisho wa uwezo wake. Ukali wa wastani ni 12 hadi 13. Asiyetaka namba atumie mazungumzo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini usiweze kuimba, uko mahali sahihi. Ukikatika pumzi kila baada ya maneno mawili, punguza mwendo. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinajirekebisha: mwendo uliokuwa wa wastani wiki iliyopita unaweza kuwa mkali wiki hii, na mgonjwa atajua bila kumuuliza mtu.

Tuseme tunamwandikia mama wa miaka 52. Titi lake la kushoto limeondolewa pamoja na tezi za limfu za kwapani, kidonda kimepona, na anapata tibakemikali kila baada ya wiki tatu. Kabla ya ugonjwa alikuwa anatembea tu katika shughuli zake, hakuwahi kwenda jimu. Karatasi yake inaweza kusomeka hivi:

"Siku ya 1 hadi ya 4 baada ya dripu: tembea dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, polepole. Nyoosha bega mara 2 kwa siku. Usinyanyue vyuma. Siku ya 5 hadi ya 14: tembea dakika 15 hadi 20 kwa siku 4, mwendo wa kuongea. Vyuma mara 2, uzito uleule wa mwisho, usipandishe. Fanyia nyumbani au nje penye hewa, usiende penye msongamano. Siku ya 15 hadi dripu inayofuata: tembea dakika 30 kwa siku 4. Vyuma mara 2. Kama mara mbili zilizopita ulimaliza marudio 12 bila shida na mkono haujabadilika, pandisha uzito kwa kiasi kidogo kabisa kilichopo. Siku mbaya: dakika 10 tu, kisha ujipime, ukiona nafuu endelea, ukiona vibaya acha na uandike."

Kila mstari una sababu yake. Siku za mwanzo kichefuchefu na steroidi huvuruga usingizi na hamu ya kula, na lengo ni kutopoteza, si kuongeza. Kati ya siku ya 7 na ya 14 kwa dawa nyingi seli nyeupe za damu huwa chini kabisa; misuli inaweza kufanya kazi lakini kinga haipo, na ndiyo maana anaepushwa na jimu yenye watu na bwawa la kuogelea la umma. Wiki ya tatu mwili umepumua, na hapo ndipo kupanda kunapofanyika. Ile kanuni ya dakika 10 naithamini kuliko namba zote zilizo juu yake. Asubuhi mgonjwa hawezi kujua kama uchovu wake ni wa kumtaka apumzike au ni ule unaopungua akishaanza kutembea. Dakika 10 humpa jibu, na kwa wengi jibu ni kwamba wanaweza kuendelea. Anayepata dawa kila wiki hana mizunguko mirefu hivi, kwa hiyo wake utakuwa wa siku: siku mbili za chini, kisha nne au tano za kawaida.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu vyuma wakati wa tibakemikali. Katika jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 2007 na Kerry Courneya na wenzake, wanawake 242 waligawanywa katika makundi ya mazoezi ya pumzi, ya vyuma na huduma ya kawaida. Waliofanya vyuma waliweza kupokea sehemu kubwa zaidi ya dozi ya tibakemikali iliyopangwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, kwa hiyo ni mapema kuahidi, lakini inatosha kuondoa dhana kwamba kwa mgonjwa wa saratani kutembea kunatosha na vyuma ni vya wanariadha.

Sasa tuje kwenye mkono, mahali ambapo hofu ni kubwa kuliko kote na ambapo ushauri wa zamani umewanyima watu mengi.

Maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu hukusanywa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye mzunguko kupitia tezi, na kwa mkono njia hiyo inapita kwapani. Tezi zikiondolewa au eneo likipigwa mionzi, njia inakuwa finyu. Mkono unaweza kuvimba miezi au hata miaka baadaye. Hali hiyo huitwa limfedema, na ikikomaa ni ngumu kuiondoa. Hivyo kwa miongo kadhaa wanawake waliambiwa mkono huo usinyanyue kitu kizito maisha yao yote. Usibebe mtoto, usibebe mzigo, usifue kwa nguvu. Hoja ilikuwa kwamba kazi nzito huleta damu nyingi mkononi, damu huleta limfu, na limfu haina pa kutokea.

Hoja hiyo ilisahau mambo mawili. Limfu haina moyo wa kuisukuma. Inategemea kubana kwa mishipa yake midogo, kupumua, na zaidi kujikunja kwa misuli inayoizunguka. Mkono usiotumiwa unakosa msukumo huo. La pili ni hesabu ya kawaida: maisha hayaachi kuleta mizigo. Mkono ambao mwisho wake ni kilo 6 ukibeba kilo 5 umefika karibu na ukomo wake, na ni kuzidiwa huko kunakotonesha. Mkono wenye uwezo wa kilo 15 ukibeba kilo 5 zilezile umetumia theluthi tu. Kuulinda kwa kuupumzisha kuliufanya uwe dhaifu, na udhaifu ukaufanya kila mzigo wa kawaida kuwa mzito kupita kiasi.

Aliyeipinga imani hiyo hadharani ni Don McKenzie, daktari wa tiba ya michezo wa Vancouver. Mwaka 1996 aliwakusanya wanawake 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti na kuwafundisha kupiga kasia katika mitumbwi mirefu ya mashindano, kazi ya mikono kuliko zote. Hakuna aliyepata limfedema mpya. Kundi la watu 24 haliwezi kuthibitisha jambo, lakini lilifungua mlango. Kisha Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani wakafanya majaribio kamili. La kwanza, la mwaka 2009, liliwachukua wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, wakiwa wamevaa soksi ya mkono ya kubana. Uvimbe haukuongezeka kuliko kwa wenzao, na waliopata vipindi vya uvimbe kuzidi walikuwa asilimia 14 ya walionyanyua dhidi ya asilimia 29 ya wasionyanyua. La pili, la mwaka 2010, lilikuwa la wanawake 154 walio katika hatari lakini bado hawajavimba: limfedema ilianza kwa asilimia 11 ya walionyanyua na asilimia 17 ya wengine. Kwa waliotolewa tezi 5 au zaidi, tofauti ilikuwa asilimia 7 dhidi ya 22.

Namba hizo zinavutia sana, lakini zilipatikana kwa utaratibu maalumu, na anayechukua matokeo akaacha utaratibu atajiumiza. Walianza na uzito mdogo sana, hata kama bega lingeweza zaidi. Walipanda kidogo kidogo, baada tu ya vipindi kupita bila mabadiliko yoyote mkononi. Miezi mitatu ya kwanza walisimamiwa. Lakini pia hakukuwekwa kikomo cha juu: aliyeendelea vizuri aliruhusiwa kupanda hadi popote alipofika. Kwa hiyo masharti ya kuandika kwenye karatasi ni haya: ukikosa mazoezi kwa wiki nzima au zaidi, rudi kwenye uzito wa chini uanze kupanda upya, mkono ukihisi mzito, umejaa, pete au mkono wa nguo ukibana kuliko kawaida, simamisha mkono huo tu na ukaonane na mtaalamu, huku ukiendelea kutembea, na ngozi ikiwa nyekundu, ya moto na yenye maumivu, hiyo ni dalili ya maambukizi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Bega lina kalenda yake tofauti. Siku za kwanza baada ya upasuaji mgonjwa hufumba na kufumbua vidole, hukunja kiwiko, huchana nywele, na kupandisha mkono bila kuvuka usawa wa bega, hasa kama mrija wa kutoa majimaji bado upo. Baada ya hapo mkono hupandishwa zaidi. Zoezi la kawaida ni kusimama ukiutazama ukuta na kutembeza vidole juu, taratibu, mpaka mahali ngozi ya kifua inapovuta bila kuuma. Unashikilia hapo pumzi chache, unashusha, na unaweka alama ya penseli ili kesho uone. Uingereza walijaribu mpango wa namna hii kwa wanawake 392 waliokuwa katika hatari ya kupata matatizo ya bega, ukianza siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha mikono inayofanya kazi vizuri zaidi baada ya mwaka mmoja, bila kuongezeka kwa limfedema. Kuna sababu nyingine ya kutochelewa ambayo wagonjwa wengi hawaelezwi: wakati wa mionzi mtu hulala mkono ukiwa juu ya kichwa. Bega lililokakamaa huuleta mkono huo nusu ya njia, na tiba inaweza kuchelewa. Mionzi yenyewe huendelea kukaza tishu kwa miezi, kwa hiyo kunyoosha kusiishe siku ya mwisho ya mionzi.

Wengine huona kamba zilizokaza chini ya ngozi kutoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko, zinazotokeza mkono unaponyooshwa. Zinatisha, lakini si saratani kurudi, na kwa kawaida hulegea kwa kunyooshwa kwa upole na mtaalamu wa fiziotherapia. Aliyejengewa titi jipya kwa nyama ya tumbo au ya mgongo hafuati kalenda hii kabisa. Huyo husubiri ruhusa ya daktari wake wa upasuaji, kwa kuwa misuli iliyohamishwa au kukatwa ina muda wake wa kupona.

Kila dawa nayo huacha alama yake kwenye dozi. Doksorubisini na jamii yake, pamoja na trastuzumabu, zinaweza kudhoofisha moyo. Anayetumia trastuzumabu kwa kawaida hupimwa moyo kila baada ya miezi mitatu, na matokeo hayo yanapaswa kumfikia anayeandika mazoezi. Kuhema kupita kawaida kwa kazi ileile, miguu kuvimba, au kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi ni mambo ya kuripoti, wala mtu asijilazimishe kuyashinda kwa juhudi. Paklitakseli na dositakseli huleta ganzi kwenye vidole na nyayo. Mgonjwa asiyehisi ardhi vizuri asipelekwe kwenye mashine ya kukimbia; baiskeli iliyosimama ni salama zaidi, na aongezewe zoezi la kusimama kwa mguu mmoja akiwa karibu na meza ya kushika. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinapokuwa chini ya 50,000 kwa kila maikrolita ya damu, madaktari wengi husimamisha vyuma vizito na chochote chenye hatari ya kuanguka, na chini ya 20,000 huruhusu tu matembezi mafupi ya nyumbani. Hemoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ikishuka chini ya gramu 8 kwa desilita, mazoezi hushushwa mpaka daktari aseme. Homa ya nyuzi 38 au zaidi inavunja ratiba yote: hakuna mazoezi, ni hospitali mara moja. Vivyo hivyo maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla, maana saratani, tibakemikali na vidonge vya tamoksifeni huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Watu ambao saratani yao imesambaa wamekuwa wakiachwa nje ya mazungumzo haya, kana kwamba hayawahusu. Jaribio lililofanyika katika nchi tano za Ulaya na Australia, lililochapishwa mwaka 2024, liliwachukua wagonjwa 357 wa saratani ya matiti iliyosambaa. Waliopata mazoezi yaliyosimamiwa mara mbili kwa wiki walikuwa na uchovu mdogo na maisha bora zaidi baada ya miezi sita. Ugumu kwao ni mifupa. Ikiwa saratani imeingia kwenye uti wa mgongo, nyonga au paja, daktari lazima aonyeshe ni mifupa ipi na ni imara kiasi gani, kisha mazoezi yanayoibebesha uzito, kuipinda au kuizungusha kwa nguvu yanaondolewa na mengine yanabaki. Maumivu mapya ya mfupa yanayozidi usiku, au udhaifu wa miguu wa ghafla, hayasubiri miadi.

Halafu kuna miaka ya vidonge. Wanawake wengi waliokoma hedhi hupewa dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni, kwa miaka 5 au zaidi, na nyingi huleta maumivu ya viungo na kupunguza uimara wa mifupa. Wengine huacha dawa kwa sababu ya maumivu hayo, na hilo ni hatari. Jaribio la Marekani la mwaka 2015 liliwapa wanawake 121 wenye maumivu hayo ama huduma ya kawaida ama vyuma mara mbili kwa wiki na dakika 150 za mazoezi ya pumzi. Baada ya mwaka, maumivu makali zaidi yalishuka kwa asilimia 29 kwa waliofanya mazoezi. Kinyume na mgonjwa anavyotarajia asubuhi vidole vinapokataa kukunjika, kiungo kinachouma kwa dawa hizi kinahitaji kusogezwa.

Nani aandike yote haya? Anayefaa zaidi ni mtaalamu wa fiziotherapia au wa mazoezi aliyesomea saratani, akishirikiana na daktari wa saratani. Mazoezi yanayosimamiwa hutoa matokeo makubwa zaidi kuliko karatasi peke yake, hasa kwa vyuma na hasa miezi ya mwanzo. Pale ambapo mtaalamu huyo hayupo, hatari iko kwenye kuamini kwamba bila yeye hakuna kinachowezekana. Kutembea kwa mwendo wa kuongea ni salama kwa wagonjwa wengi wasio na matatizo ya moyo, mifupa au mwendo, na daktari au muuguzi wa saratani anaweza kuthibitisha hilo kwa maswali machache na majibu ya damu ya wiki hiyo. Vyuma vya mkono ulioathirika ndivyo vinavyostahili kusubiri macho ya mtu anayejua.

Mgonjwa naye alete kitu kliniki. Kwenye daftari, kila siku mstari mmoja: siku ya ngapi tangu dripu, alichofanya na kwa dakika ngapi, uzito alionyanyua, uchovu kwa kipimo cha 0 hadi 10, na neno moja kuhusu mkono. Mizunguko miwili ikipita, daftari hilo litaonyesha siku zake mbaya ziko wapi hasa, ambazo huenda zisilingane na za kitabuni. Hapo dozi ya mzunguko wa tatu iandikwe upya kwa namba zake mwenyewe.